Jinsi ya kuanza kukusanya sarafu za majaribio za karne ya 19 ukiwa Mombasa, bila kulizwa

Hapa kwetu mtu akisema ana sarafu za zamani ujue ni rupia za nyanya yake, heller za Mjerumani, senti zenye tundu, na riale ya Maria Theresa ambayo kila nyumba ya Mji wa Kale inaapa iko nayo moja sandukuni. Hizo ni nzuri na sizidharau, lakini leo nataka tuongee kitu kingine, sarafu za majaribio, yaani zile ambazo kiwanda cha kupiga sarafu kilitengeneza chache tu kuona zitatokaje, wakubwa wakazitazama, wengi wakasema hapana, na hazikuwahi kununua hata andazi. Ni kama fundi wa kanzu anavyokutia tarizi kwa kola moja uone kabla hajashona kanzu nzima, ukikataa ile kola inabaki kwa droo yake. Sasa kuna watu duniani kazi yao ni kutafuta hizo kola.

Karne ya 19 ndio yenyewe kwa mambo haya. Mashine za mvuke zilikuwa zimeingia viwandani, nchi zinabishana pesa iwe ya dhahabu ama fedha, ihesabiwe kwa kumi kumi ama kwa hesabu za zamani, metali mpya kama nikeli na alumini zinajaribiwa, na kila mchongaji alikuwa na kichwa cha mwanamke wake anataka kiingie kwa dola. Kwa hivo vitu vilitoka vingi na vya ajabu.

Hatua ya 1: Jua kwanza ni gani unaita majaribio

Hapa ndio watu wanachanganyikiwa, mana muuzaji akikuambia "hii ni ya majaribio" anaweza kuwa anamaanisha vitu vitano tofauti na bei zake haziko karibu kabisa.

Kuna ya muundo mpya, yaani picha ambayo haikuwahi kutumika. Mfano mzuri ni nusu dola za Marekani za 1877, mwaka huo wachongaji wa kiwanda cha sarafu cha Philadelphia kina William Barber, Anthony Paquet na George Morgan walitoa miundo mingi mpaka ukiziweka pamoja unadhani ni nchi tofauti. Kuna ya metali tofauti, muhuri, yaani chuma kinachogonga picha juu ya sarafu, ni ule ule wa kawaida lakini badala ya dhahabu wamepiga kwa shaba nyekundu ama alumini. Kuna ya umbo, kama senti za Marekani za 1850 na tena za 1884 walizozitoboa katikati, ukiziona utacheka mana sisi senti zenye tundu tumekua nazo, wao walijaribu na wakaacha. Kuna ya mpito, muundo utakaotumika baadaye lakini una mwaka wa kabla yake, hapo mashuhuri ni senti ya tai arukaye ya 1856. Alafu kuna zilizopigwa tena, yaani miaka kadhaa baadaye mtu wa ndani ya kiwanda anachukua muhuri wa zamani na kupiga nyingine kwa ajili ya marafiki zake wakusanyaji, hii Philadelphia ilifanyika sana na wala haikuwa siri.

Ufaransa wamerahisisha, nyingi zimeandikwa ESSAI kabisa juu ya uso wa sarafu. Za Kijerumani tafuta neno PROBE, za Kiitaliano PROVA. Uingereza haziandikwi kitu kwa kawaida, unajua kwa muundo tu, mfano florini za 1848, yaani sarafu ya shilingi mbili, walikuwa hawajakubaliana hata jina la pesa yenyewe kwa hivo kuna zimeandikwa ONE CENTUM, kuna ONE DECADE, na mwaka uliofuata ndio florini ikatoka rasmi, nayo ikazua kelele kwa sababu walisahau ama walikataa kuandika jina la Mungu pale lilipozoeleka.

Ile ambayo kila mtu anaiota ni Stella, dola nne ya dhahabu ya Marekani ya 1879 na 1880. Wazo lilikuwa la John Kasson, balozi wao kule Austria, alitaka sarafu ambayo Mzungu wa Ulaya ataipokea bila kuuliza maswali mana thamani yake inakaribia faranga 20. Sasa angalia walivyoiandika, kuzunguka uso wa mbele kati ya nyota kumeandikwa 6 G .3 S .7 C 7 GRAMS, yaani gramu 6 dhahabu, nukta tatu fedha, nukta saba shaba, jumla gramu 7. Sarafu inajieleza mapishi yake yenyewe! Kuna ya nywele zilizoachiliwa ya Charles Barber na ya nywele zilizosukwa ya Morgan, na hii ya pili ndio ngumu zaidi kupatikana. Wabunge walizipata wakazipenda lakini mswada haukupita, na hadithi inayosimuliwa sana ni kwamba baadaye zilionekana shingoni kwa kina dada wa madanguro ya Washington. Hadithi ni hadithi, ila ni kweli kuna Stella zenye alama ya kulehemu pale juu ya ukingo ambapo kitanzi cha mkufu kiligandishwa, na alama hio inakata bei vibaya sana. Hata hivo bado ni zaidi ya dola laki moja kwa nzuri, kwa hivo hii tunaitazama tu kwa picha.

Hatua ya 2: Shika sarafu ya kawaida kwanza

Hii ndio hatua naikazania kuliko zote na ndio watu wanairuka. Sarafu ya majaribio inajulikana kwa vile inavyotofautiana na ile ya kawaida, sasa kama hujui ya kawaida ikoje, uzito wake, ukingo wake, herufi zake, utajuaje imetofautiana? Mtu anaona kitu hajawahi kukiona anadhani ni adimu, kumbe ni yeye tu hajaona vingi.

Na sisi wa Mombasa tuko na bahati, tuko na sarafu yetu ya karne ya 19 yenye jina la mji wetu. Kampuni ya Imperial British East Africa ya Sir William Mackinnon ilipopata hati 1888 ilipigisha pesa zake, rupia ya fedha ina mwaka 1888, na nusu rupia, robo rupia na anna mbili zina 1890. Ile sarafu ndogo ya shaba iitwayo pesa (pice) nayo ni 1888, imeandikwa pia 1306 ya Hijria. Kuna jua lenye taji, kuna mizani, na kuna MOMBASA yenyewe. Kwa rupia tafuta herufi H ndogo sana, hio ni Heaton wa Birmingham, kiwanda cha watu binafsi ambacho kilipigia nusu ya dunia pesa. Jifunze kumtambua Heaton kwa kazi yake mana viwanda kama hivi ndivyo vilikuwa vinatuma sampuli kwa serikali kuomba tenda.

Rupia hio tumia kama darasa. Uzito wake ni gramu 11.66, fedha yake ni 917 kwa elfu. Nunua mizani ya digitali ya kusoma mpaka nukta mbili, vernier ya kupimia kipenyo, na lenzi ya mara kumi, vyote hivo maduka ya vifaa vya masonara yanauza na havikufilisi. Alafu fanya jaribio la maji: weka glasi ya maji juu ya mizani, bonyeza irudi sifuri, funga sarafu kwa uzi mwembamba, iteremshe izame yote bila kugusa chini wala pembeni. Ile namba mizani inasoma sasa ndio ya kugawanyia uzito wa sarafu. Rupia nzuri ya gramu 11.66 itakupa kama 1.13, ukigawanya unapata 10.3, hio ni fedha. Ikikusomea 1.31 basi unapata 8.9, hapo uko na shaba ama mchanganyiko wa nikeli uliopakwa rangi, mwambie muuzaji ahsante na uondoke. Maji yakipanda mapovu kwa sarafu yafute na brashi laini mana mapovu yanadanganya. Fanya hivi kwa sarafu zako zote za kawaida mpaka mkono uzoee, mana majaribio ya metali tofauti yote yanaishia hapa, shaba nyekundu 8.9, bati 7.3, alumini 2.7, dhahabu safi 19.3. Dola ya fedha ya Marekani ni gramu 26.73, ile ile ikipigwa kwa alumini inakuwa karibu gramu 7, ukiishika unadhani ni ya mchezo wa watoto.

Jambo la sheria hapa, na hili msilipuuze jamani. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya Kenya ya 2006 inahesabu kitu chochote cha kuhamishika kilichotengenezwa Kenya ama kuingizwa Kenya kabla ya 1895 kuwa cha kale, isipokuwa vitabu na hati. Rupia ya 1888 iliyokaa hapa tangu enzi za kampuni inaingia humo moja kwa moja. Huwezi kuitia kwa bahasha ukamtumia mtu London bila kibali. Na ukiokota, tuseme mafundi wanachimba msingi Mji wa Kale wakatoa chungu cha pesa, hio inaripotiwa, na Makumbusho ya Taifa wako pale pale Fort Jesus, si safari. Sarafu uliyonunua wewe ng'ambo mwaka huu ikaja na parseli haiingii kwa mstari huo, ndio mana risiti ya kununua na karatasi za forodha usizitupe kamwe, ndizo zinaonyesha iliingia lini.

Hatua ya 3: Soma bure kabla ya kulipa

Za Marekani ndizo zimeandikwa vizuri kuliko zote na ndio mana nawashauri wanaoanza wazisome hata kama hawatazinunua. Kila moja iko na namba ya Judd, imetoka kwa daktari J. Hewitt Judd aliyetoa orodha yake 1959, kwa hivo utaona J-1635 hio ndio Stella ya 1879 ya nywele zilizoachiliwa. Kabla yake kulikuwa na orodha ya Adams na Woodin ya 1913, na huyu William Woodin kisa chake lazima nikitoe mana kinaeleza kwa nini hizi sarafu ziko mikononi mwa watu mpaka leo.

1909 Woodin alinunua sarafu mbili za dhahabu za dola 50 za majaribio za 1877, alilipa dola 10,000 kwa kila moja, pesa ambayo wakati ule hakuna sarafu ilikuwa imewahi kufika. Habari ikatoka, serikali ikashtuka, hivi vitu vilitokaje kiwandani? Mwisho wakaelewana, yeye akarudisha zile mbili, leo ziko makumbusho ya Smithsonian kule Washington, na yeye akapewa masanduku ya sarafu zingine za majaribio zilizokuwa zimelala kiwandani. Masanduku! Ndio zikasambaa sokoni. Na huyo jamaa baadaye 1933 akawa waziri wa fedha wa Rais Roosevelt.

Zingine zilipita Afrika. Mfalme Farouk wa Misri alikuwa anazikusanya kwa pupa, alipopinduliwa 1952 serikali mpya ikachukua mali, na 1954 zikapigwa mnada Cairo. Ukisoma historia ya sarafu moja moja ukaona imeandikwa Farouk ujue ndio huo mnada. Angalia tu kwa makini mana baadhi zake zilisuguliwa, na kusugua hakufutiki.

Sasa kipimo cha uadimu. Utaona R na namba. R-8 ni zile zinazojulikana 1 mpaka 3 duniani, R-7 ni 4 mpaka 12, R-6 ni 13 mpaka 30, R-5 ni 31 mpaka 75, R-4 ni 76 mpaka 200. Mtu mgeni akiona "zipo kumi tu duniani" anachanganyikiwa roho, lakini kwa sarafu za majaribio kumi ni kawaida. Uadimu peke yake hauleti bei, wanaotaka ndio wanaoleta bei. Kuna R-7 za shaba za senti fulani haziuziki haraka, na kuna Stella za 1879, ambazo zilipigwa kama 425, zinagombaniwa.

Katalogi za minada ya zamani ziko bure kwa websaiti ya Newman Numismatic Portal, na kampuni kubwa za minada kama Heritage na Stack's Bowers zinaacha picha na bei za nyuma wazi ukifungua akaunti. Chukua sarafu moja unayoipenda uifuate mnada hadi mnada, utaona ile ile imeuzwa mara tatu na bei zimepanda zikashuka, utajifunza zaidi ya kusikiliza mtu yeyote, mimi nikiwemo.

Hatua ya 4: Anza na za bei ndogo

Haya, pesa. Kama bajeti yako ni ya mwalimu ama karani wa bandari usianze na Marekani, hata zile rahisi zao ni mamia ya dola na nyingi ni maelfu.

Mimi ningeanza na Joseph Moore. Huyu alikuwa mchongaji wa Birmingham, miaka ya 1840 akatoa peni ndogo ya mfano, ukingo shaba na kiini cheupe katikati, hoja yake ilikuwa peni za shaba za wakati ule ni kubwa na nzito zinatoboa mifuko. Watu wakazipenda hadi wakadhani ni pesa halali na kiwanda cha serikali kikalazimika kukana. Kwa hivo kwa ukali wa mambo si ya serikali, ni ya mtu binafsi, na muuzaji akikuandikia "jaribio rasmi la Royal Mint" huyo hajui ama anajua sana. Lakini ni karne ya 19, ni wazo la kweli, ni metali mbili kama shilingi kumi na ishirini zetu za leo, na zipo nyingi kiasi cha kutokutoa jasho.

Baada yake nenda Ufaransa 1848. Mfalme Louis-Philippe ameondolewa Februari, jamhuri mpya haitaki kichwa cha mtu kwa pesa, wakaitisha shindano la wachongaji, faranga 20, faranga 5 na santimu 10. Wengi wakaleta, kila mmoja na mwanamke wake wa jamhuri, mwingine amevaa masuke ya ngano, mwingine nyota, mwingine kofia. Merley akashinda ya dhahabu, Oudiné ya fedha. Za walioshindwa zipo za bati na za shaba, na ukizipanga mstari mmoja unaona shindano lote mbele yako. Kwangu mimi hii ndio raha ya mchezo wenyewe, kuliko kuwa na Stella moja kwa kasha la benki. Za bati angalia mikwaruzo na kingo zilizogongwa mana bati ni laini.

Ukitaka Afrika, kuna za Orange Free State za 1874 na 1888, peni za majaribio za nchi ambayo haikuwahi kutoa pesa zake yenyewe. Zinapendwa Afrika Kusini kwa hivo bei si ya mchezo, lakini angalau unajua ni kitu kinachouzika.

Hatua ya 5: Feki

Ziko aina nyingi, nitagusa zile utakazokutana nazo.

Ya kwanza ni kubadilisha namba. Ile senti ya tai arukaye ya 1856 ni ya majaribio na ghali, ya 1858 ni ya kawaida na rahisi, kwa hivo mtu anachukua ya 1858 anakwangua 8 ya mwisho iwe 6. Dawa yake ni kutotazama 6, tazama 5. Kwa 1856 ya kweli ule mguu uliosimama wa 5 ukiufuata kwenda chini unalenga katikati ya kile kidonge cha mwisho wa mkia wake. Kwa 1858 unalenga kushoto kwa kidonge. Hakuna mtu anakwangua 5, ndio mana inamtoboa. Mwambie muuzaji akutumie picha ya mwaka kwa karibu, akianza kukuzungusha eti kamera yake mbaya achana naye.

Ya pili ni ya kumiminwa, ukiangalia na lenzi utaona vitundu vidogo kama ngozi ya chungwa na herufi zimelegea. Tafuta mshono kwa ukingo. Mshono pia ni alama ya nakala za umeme, zile za maganda mawili yaliyounganishwa, ambazo wataalamu wenyewe wa karne ya 19 walitengeneza kwa nia safi ya kufundishia na leo zinauzwa kwa nia isiyokuwa safi.

Ya tatu ndio inawaumiza watu mtandaoni. Ni sarafu mpya kabisa, nzuri, inang'aa, imepigwa juzi lakini imeandikwa 1887 na kichwa cha Victoria, muundo ambao haukuwahi kuwepo. Sio nakala ya kitu, ni uongo wa mwanzo. Na inakuwa ngumu zaidi kwa sababu 1887 ya kweli, mwaka wa jubilei, hata wafanyabiashara binafsi wa London kama Spink walipigisha za kwao, hizo zinakusanywa na ziko kwa katalogi. Kwa hivo swali ni moja, iko kwa katalogi ama haiko, na uzito wa pale unalingana na huu ulio mkononi? Haiko, hununui. "Haijulikani hata na wataalamu" si sifa yakhe, ni onyo.

Za ghali nunua zilizofungwa kwa kesi ya PCGS ama NGC, kampuni za Marekani zinazokagua sarafu na kuzifunga kwa kesi ya plastiki yenye namba. Namba ya kesi unaiingiza kwa websaiti yao bure, inakupa maelezo na mara nyingi picha. Linganisha picha na sarafu, doa kwa doa, usilinganishe namba tu, mana kesi zenyewe Wachina wanazitengeneza na wanatia namba ya kweli ya sarafu nyingine.

Hatua ya 6: Kununua na kuleta nyumbani

Mnada wa Uingereza unaanguka mchana wetu, hauna shida. Wa Marekani wa jioni kwao unakukuta saa nane, saa tisa usiku, na mtu mwenye usingizi anabonyeza vitu. Weka bei yako ya juu mapema, zima simu ulale. Hio bei ya juu uihesabu na nyongeza ya mnunuzi, kampuni nyingi zinaongeza 20 kwa mia ama zaidi juu ya bei ya nyundo, yaani bei iliyotajwa mwisho mnadani, alafu usafiri, bima, na kodi za kuingiza. Usikisie kodi, uliza wakala wa forodha kabla, na Mombasa wakala hakosekani, kwenye kila familia kuna mmoja na kwenye zingine wawili. Muuzaji aandike thamani ya kweli na aseme wazi ni sarafu ya mkusanyaji. Kuandika "zawadi dola 10" ni upuuzi, ikipotea bima italipa dola 10.

Ukinunua kwa mtu binafsi usitume pesa kwa njia isiyorudishika. Mtu wa ng'ambo anayekutaka ulipe kwa njia ya kirafiki ili "tuepuke ada" anakuepusha na haki yako.

Hatua ya 7: Kuzitunza kwa hewa yetu

Hapa ndio vitabu vya Wazungu havitusaidii sana, wao wanaandikia nyumba kavu. Sisi tuko na chumvi na unyevu, dirisha la Kizingo ama Nyali likiachwa wazi msimu wa kusi utaona hata bawaba zinaota kutu. Shaba inatoa kijani, fedha inaiva nyeusi, na alumini ndio dhaifu kabisa, inaota unga mweupe na vidoti. Wakoloni wenyewe walijifunza hili, senti yao ya alumini ya 1907 na 1908 hapa Afrika Mashariki waliiacha wakaenda kwa shaba na nikeli 1909. Sasa alumini ya majaribio ya miaka ya 1860, wakati metali hio ilikuwa ya bei ya juu kabla njia ya umeme ya 1886 haijaishusha, ukiiweka wazi kwa meza ya sebule unaiua.

Fanya hivi. Kasha la plastiki linalobana vizuri lenye mpira, ndani vipakiti vya silika, zile zinazokuja na viatu zitafaa ukizikausha kwa jiko kidogo lakini za kununua zenye kubadilika rangi ni bora mana unaona zikishiba. Sarafu yenyewe iwe kwa kapsuli ngumu ama kwa mifuko ya mylar, ile plastiki ngumu angavu isiyonuka. Ile mifuko laini inayonuka plastiki kama pazia la bafu usitumie, inatoa ute wa kijani unaokula metali. Epuka pia raba bendi, gazeti, na boksi la mbao lililopakwa vanishi juzi. Shika kwa ukingo, na usiongee juu yake, tone la mate linaacha doa la milele.

Kuhusu kusafisha: najua nyumbani tunang'arisha shaba kwa ukwaju, kwa ndimu na majivu, na birika la kahawa linatoka kama jua. Usithubutu. Sarafu iliyosuguliwa inapoteza ngozi yake na hakuna sonara wa kuirudisha. Ikiwa ina ute wa plastiki tumia asetoni safi peke yake, sio ya kucha yenye manukato na mafuta, ichovye, itoe, iache ikauke yenyewe bila kupanguswa, fanyia mahali penye hewa mbali na jiko. Zaidi ya hapo iache na rangi yake.

Hatua ya 8: Andika

Kila sarafu iwe na ukurasa wake: picha pande mbili na ukingo, uzito, kipenyo, namba ya katalogi, ulinunua wapi, lini, kwa bei gani na kodi ulizolipa, na historia ya waliokuwa nayo kama unaijua. Andika kwa lugha ambayo mkeo ama mumeo na watoto wataelewa, na uandike pia nani wa kuulizwa ukiwa haupo, mana siku hio ikifika wa kwanza kuitwa atakuwa sonara, na sonara anapima kwa gramu. Nakala ya daftari iweke nyumba nyingine, kwa ndugu, ama kwa barua pepe yako, isikae ndani ya kasha pamoja na sarafu, kasha likiibiwa utakuwa huna cha kupeleka polisi wala kwa bima.